Kupima floraidi kwenye maji ya huku kwetu: elektrodi au kipimo cha rangi?

Kama unaishi upande wa mlima Meru, mkoani Arusha, iwe Oldonyosambu, Maji ya Chai au nyuma kule Ngarenanyuki, habari za floraidi, ile chumvi ya ardhini inayoyeyuka kwenye maji na ikizidi inaharibu meno, huhitaji kuhadithiwa, unaiona mtoto akicheka. Meno ya kahawia, mengine yana vishimo. Kwa hiyo watu wakiniita kupima maji swali sio kama floraidi ipo, swali ni ngapi, na siku hizi jumuiya za watumia maji zimeanza kuuliza la pili: tununue kipimo gani chetu wenyewe, ile mashine ya rangi au hii ya kuchovya, yaani elektrodi? Nimeshajibu mara nyingi kwa simu mpaka nikaona niandike yote sehemu moja, maana jibu la "inategemea" halimsaidii mtu ambaye ameshachangisha hela.

Nianze na kilichotokea kijiji kimoja chini ya Meru, sitakitaja. Nimefika, nimesalimia, mama mweka hazina wa jumuiya ananionyesha daftari. Kisima kimepimwa, imeandikwa 2. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na sisi Tanzania, ambao kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, tumeshuka nasi kwenye 1.5. Sasa 2 na 1.5 wakaona haziko mbali, wakaendelea kunywa. Nikaomba nione hicho kipimo walichotumia. Kilikuwa kile cha kulinganisha kwa macho, kikadi chenye vibox vya rangi, 0, 0.5, 1, 1.5, na cha mwisho 2. Hapo hapo nikaelewa. Nikachota maji yale yale, nikachovya elektrodi, nikapata 7.8.

Aliyepima hakukosea kusoma hata kidogo. Rangi yake ilifanana na kibox cha mwisho akaandika cha mwisho, sema kadi ilikuwa imeishia pale na maji yalikuwa yanaendelea. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, miaka yote hiyo wajukuu wangu walikuwa wanakunywa nini?" Hilo swali bado ninalo.

Sasa tofauti yenyewe ya hivi vipimo, na ukiielewa hii mengine yote yanajipanga.

Kipimo cha rangi hakioni floraidi. Kinaona kile floraidi inachokiharibu. Ile dawa nyekundu, maabara wanaiita SPADNS, ni rangi iliyoshikana na madini ya zirkoniamu, na floraidi inaipenda zirkoniamu kuliko rangi inavyoipenda, kwa hiyo ukitia maji yenye floraidi inaichomoa zirkoniamu inaondoka nayo na wekundu unapungua. Floraidi nyingi, wekundu kidogo. Mashine inapitisha mwanga kwenye kichupa, inapima wekundu uliobaki, inakupa namba. Ni njia nzuri, imetumika miaka mingi na mi nimeitumia sana, lakini ona inapoishia: rangi ikishapauka vya kutosha hamna tena cha kupima. Hizi mashine nyingi za mkononi zinaishia miligramu 2 kwa lita. Kwa nchi ambayo maji yake yako 0.3, 0.7, 1.1, hiyo inatosha kabisa. Kwa maji ya Meru unaanza kupima pale kipimo kinapoishia.

Utaniambia si unapunguza makali, unachanganya na maji safi mara kumi kisha unazidisha. Ndio, inafanyika. Lakini fikiria, kama mashine inakosea 0.1, na kukosea 0.1 ni jambo la kawaida kabisa, ukizidisha mara kumi kosa limekuwa miligramu nzima. Afu hayo maji safi ya kuchanganyia unayatoa wapi kijijini? Yanatakiwa yawe yamechujwa ioni zote, yaani chembe zenye chaji ya umeme zilizoyeyuka kwenye maji, ya chupa ya dukani nayo huwa yana floraidi yake, wakati mwingine imeandikwa kabisa kwenye lebo. Na dawa yenyewe unaipima kwa pipeti, kile kimrija cha kupimia, mililita 2 kwenye mililita 10 za maji, ukizidisha matone mawili matatu namba imehama, kwa sababu dawa ndio rangi, ukiongeza dawa umeongeza wekundu.

Elektrodi ni kitu kingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye utamu.

Ukiishika ukaigeuza utaona kwenye ncha kuna kijidude cha duara kinang'aa kama kioo, kidogo kuliko kifungo cha shati. Hicho ni kipande cha fuwele ya lanthanamu floraidi. Walioileta ni Frant na Ross wa Marekani mwaka 1966. Ile fuwele imetiwa madini ya yuropiamu kidogo makusudi, ili ndani yake kuwe na nafasi zilizokosa floraidi, kama kiti kitupu kwenye daladala iliyojaa, aliye jirani anahamia, kiti chake kinabaki kitupu, mwingine anahamia, hivyo hivyo. Kwa hiyo ioni za floraidi zinaweza kusogea ndani ya kitu kigumu. Na ni zenyewe tu. Klorini iliyoko kwenye chumvi ni kubwa haitoshi, salfeti haitoshi, bikaboneti ambayo maji yetu yamejaa haitoshi. Anayeweza kuleta usumbufu ni haidroksaidi peke yake, ioni inayozidi kwenye maji yenye magadi, kwa sababu ukubwa wake unakaribiana na wa floraidi na ana chaji ile ile.

Sasa ndani ya elektrodi kuna maji yenye floraidi ya kiwango kinachojulikana, nje kuna maji yako. Pande mbili haziko sawa kwa hiyo floraidi inataka kuhama kutoka kwenye nyingi kwenda kwenye chache. Chache tu zikisogea, chaji inakuwa imelala upande mmoja, na hiyo chaji inaanza kuzivuta zirudi. Zinafika mahali msukumo wa wingi na mvuto wa umeme vinalingana, hapo zinatulia. Ile voltiji iliyopo wakati zimetulia ndio unayoisoma kwenye mita. Hamna mkondo wa maana unaopita, hamna kinacholiwa kwenye maji yako, sio kama betri ya pikipiki ambapo ioni zinatembea kweli kweli na risasi inageuka kuwa salfeti ya risasi. Hapa ni mvutano tu umesimama.

Na huu ndio mvutano ule ule ulioko kwenye neva zako sasa hivi unaposoma. Seli ya neva ina potasiamu kama 140 ndani na 4 nje, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na utando wake ikiwa imetulia unaruhusu zaidi potasiamu. Potasiamu inataka kutoka, ikitoka kidogo ndani kunabaki hasi, hasi inairudisha. Ukipiga hesabu ya Nernst, mwanakemia wa Ujerumani, aliyoitoa mwaka 1889, kwa joto la mwili unapata kama milivolti 95 hasi ndani, na neva halisi inakaa karibu na 70 hasi kwa sababu sodiamu nayo inavuja kidogo kuingia. Yaani fuwele ya lanthanamu na utando wa neva vinafanya kazi moja, kuruhusu ioni ya aina moja na kuzikatalia nyingine, voltiji inazaliwa yenyewe. Mtu wa kwanza kuona kwamba kioo chembamba kinatoa voltiji kulingana na asidi, mwaka 1906, alikuwa Max Cremer, na alikuwa mtu wa fiziolojia, alikuwa anahangaika na utando wa viumbe, sio na mitambo ya maji. Mashine ya elektrolaiti hospitalini inapopima potasiamu ya damu yako nayo ni elektrodi ya namna hii, ila badala ya fuwele wanatumia valinomaisini, kitu kinachotengenezwa na bakteria, kinachoikumbatia potasiamu na kuiacha sodiamu. Hivi vitu ni ndugu.

Turudi kwenye maji. Hesabu ya Nernst inasema kwenye nyuzi 25 kila floraidi ikizidi mara kumi voltiji inabadilika milivolti 59. Haijali uko kwenye 0.5 au 50. Hapo ndipo rangi inapoachwa mbali, elektrodi haina kibox cha mwisho kwa maji yoyote utakayokutana nayo huku.

Mfano, namba za kufundishia tu. Nachovya kwenye maji ya kusawazishia, yaani maji ambayo floraidi yake inajulikana, ya miligramu 1, mita inasoma milivolti 92. Kwenye ya miligramu 10 inasoma 34. Tofauti 58, elektrodi iko salama, ikishuka chini ya 54 hivi najua kuna tatizo. Nachovya kwenye maji ya kisima, inasoma 50. Kutoka 92 mpaka 50 ni 42, gawanya kwa 58 unapata 0.724, na kumi ikipandishwa kwa 0.724 ni 5.3. Kisima kina 5.3. Mita nyingi zinakupigia hiyo hesabu zenyewe lakini mi nawasihi muiandike milivolti pia kwenye daftari, ili siku mita ikisema kitu cha ajabu mtu arudi nyuma aone.

Udhaifu wake nao niuseme wazi, na upo. Kukosea milivolti moja tu ni kukosea asilimia 4. Na milivolti moja inapotea kirahisi sana. Kwenye nyuzi 15 ile 59 inakuwa 57, kwa hiyo ukisawazisha chumbani asubuhi ya mwezi wa saba baridi ile ya Arusha unayoijua, afu ukapima maji yaliyokaa juani kwenye ndoo, umeshajidanganya. Maji yote, ya kusawazishia na ya kupimwa, yakae meza moja mpaka yawe na joto moja. Kiungio cha waya kikipata unyevu namba inacheza kama pendulamu, kwa sababu voltiji hii haina nguvu ya kusukuma kitu, njia yoyote ya kuvuja inaiua. Fuwele ikishikwa na vidole vyenye mafuta inakuwa nzito kujibu. Na elektrodi haisimami peke yake, ina mwenzake wa rejea, yaani wa kulinganishia, ambaye amejazwa maji ya chumvi, mara nyingi kloridi ya potasiamu, ikiwa inavuja taratibu kupitia kitundu. Wameichagua hiyo kwa sababu potasiamu na kloridi zinatembea kwa kasi karibu sawa, kwa hiyo zinapotoka hamna chaji inayotangulia mwenzake na kuzalisha voltiji isiyotakiwa pale mpakani. Ukiishiwa hayo maji ya rejea ukajaza ya bomba, umeharibu kila kitu, na nimeona mtu akifanya hivyo.

Halafu kuna bafa, maji ya dawa yanayochanganywa na sampuli kabla ya kupima. Kwa maji ya Meru usipime bila bafa, kamwe. Nusu maji nusu bafa, ile inayoitwa TISAB, na inafanya mambo matatu kwa mkupuo. Inaishusha pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, mpaka kwenye 5 na kitu, haidroksaidi inaisha, na maji yetu mengi yana magadi magadi pH 8 na zaidi kwa hiyo hii sio mapambo. Pia haiishushi sana, maana ikifika kwenye 3 floraidi nyingi inakuwa imeshikana na haidrojeni na elektrodi haiioni tena. La pili inasawazisha chumvi ya jumla ili maji yako na ya kusawazishia yafanane. La tatu inaifungua floraidi iliyojificha kwenye aluminiamu na chuma.

Hilo la aluminiamu liwe kigezo kwa wale wanaotibu maji kwa shabu. Shabu ni chumvi ya aluminiamu. Maji yakishapita pale yana mabaki, na kipimo cha rangi kinadanganywa vibaya na aluminiamu, kinasoma chini kuliko ukweli. Yaani umetibu, umepima kwa rangi, umefurahi, na sehemu ya furaha yako ni kosa la kipimo. Kama mnatumia shabu, elektrodi, sina jibu la pili.

Wale wanaochuja maji kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi miaka mingi pale kituo cha Ngurdoto, hali yao ni tofauti kidogo. Mfupa umejengwa na madini yanayoitwa apataiti, na apataiti inabadilishana haidroksaidi yake na floraidi, ndilo jambo lile lile linalotokea kwenye jino la mtoto linapojengwa, ndio maana mfupa uliochomwa unaweza kukamata kilichokuwa kinaenda kwenye jino. Lakini mkaa unajaa. Haukuambii siku uliyojaa, maji yanatoka masafi, matamu, yana rangi nzuri. Lazima upime mara kwa mara, kila wiki au kila wiki mbili, na kwa kupima hivyo elektrodi inakuwa nafuu kwa sababu kila sampuli inakula bafa tu, wakati rangi inakula dawa kila kichupa. Ila kama chujio ni moja la familia na unataka tu kujua maji yanayotoka yamevuka 1.5 au bado, mashine ya rangi inatosha vizuri, upo ndani ya eneo lake.

Bei sasa. Mashine ya rangi ni nafuu, jumuiya ndogo inaimudu. Elektrodi na mita yake hesabu ng'ombe wawili watatu, na fuwele ikipasuka huwezi kuibandika. Rangi mtu aliyemaliza darasa la saba anajifunza asubuhi mchana anapima. Elektrodi nampa wiki, na baada ya hapo bado nataka nimuone akisawazisha mbele yangu. Dawa ya rangi kwa upande wake ina asidi kali, na ile ya zamani ina aseniti, sumu ya familia ya aseniki, zipo mpya zisizo nayo, ulizeni kabla ya kununua, na msimwage mabaki nyuma ya ofisi panapopita mifugo. Na pande zote mbili tumieni vyombo vya plastiki, floraidi na glasi hazielewani.

Kwa ndugu zangu wa Moshi, chemchemi nyingi za mteremko wa kusini wa Kilimanjaro nilizopima floraidi yake ni ya chini, kwa hizo chukueni mashine ya rangi na msihangaike. Mkishuka tambarare kwenye visima virefu, upande wa Sanya kwa mfano, pimeni kwanza kwa elektrodi mara moja mjue mko wapi.

Na kuna magadi ya kupikia, yale ya kulainishia makande. Yanabeba floraidi, na mama anaweza kuhangaika na maji halafu akairudisha yote kwenye sufuria. Ukitaka kupima magadi usijaribu rangi, ni alkali mno. Yayeyushe, tia bafa ya kutosha, hakikisha pH imeshuka kweli, chovya elektrodi. Na kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kunaiongezea makali kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa jumuiya za Meru, na nimewaambia hivi wale wa kijiji cha mama yule: msinunue kila kijiji mashine yake ya rangi. Vijiji vitano sita mchange elektrodi moja, mchague mtu mmoja mtulivu, mwalimu wa sayansi wa sekondari ya kata anafaa sana, akae nayo sehemu moja isiyotembezwa kwenye bodaboda. Inawezekana kwa sababu sampuli ya floraidi haiozi, kwenye chupa ya plastiki safi inakaa siku 28 bila dawa yoyote. Kwa hiyo kila kijiji kinakusanya, chupa inaoshwa mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, inajazwa, inaandikwa jina la kisima na tarehe, na Jumamosi moja ya mwezi zote zinakaa meza moja zipate joto moja.

Mama mweka hazina alileta chupa 14 mara ya kwanza. Kumi na tatu za visima na mabomba, na moja ya bomba la shule ya msingi aliyoifungia kwenye kitenge peke yake, akasema hii ianze, kwa sababu kati ya wanaokunywa pale wapo walio chini ya miaka minane na meno yao ya utu uzima ndio yanajengwa sasa hivi. Ilisoma 6.1. Chemchemi ya juu ya kijiji, ambayo walikuwa wameiacha kwa sababu ina maji kidogo, ilisoma 1.2. Wiki iliyofuata walianza kuchimba mtaro wa bomba kutoka kule mpaka shuleni.